Adui Akiwa na Njaa: Mwongozo Kamili wa Kumjibu kwa Wema, kwa Mkristo wa Visiwani

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alinivalia kanga siku tisa. Nasema tisa kwa kuwa nilizihesabu. Ilikuwa kanga mpya, jina lake "Hasidi hana sababu", na kila nilipotoka asubuhi kufagia uwanja, naye alitoka kuanika nguo, akanipa mgongo mpaka ahakikishe nimesoma.

Chanzo kilikuwa karo lake, yaani shimo la majitaka. Lilifurika wakati wa masika, maji yakaja mpaka upenuni kwangu, nami badala ya kumgongea mlango nikalisema dukani mbele za watu. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba mikate yangu ya kumimina naikorogea maji ya karo. Mikate hiyo ndiyo inayonunua madaftari ya wanangu na kulipa nauli zao za skuli. Nilikuwa nauza ishirini kwa siku. Wiki ile nikashuka hadi sita, na mmoja katika hiyo sita aliununua mwalimu wetu wa kwaya, kwa huruma tu.

Tukihubiriwa "wapendeni adui zenu" tunaitikia Amina, kisha tunapanda daladala kurudi nyumbani bila kujua tuanzie wapi. Mimi aya nilikuwa naijua kwa moyo tangu utoto, na Jumatatu asubuhi sikujua la kufanya nayo. Kilichonifungua macho ni kusoma tena zile sehemu zote zinazomtaja adui na kuona jinsi zilivyojaa kazi za mikono: mlishe, mnyweshe, mrudishie ng'ombe wake, msaidie punda wake ainuke. Moyo haujaulizwa kama uko tayari. Moyo huja nyuma, unachechemea. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mikono, na ukisubiri kwanza umpende mtu ndipo umtendee jema, utasubiri sana.

Hatua ya kwanza: mjue adui wako ni nani

Sisi Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache, na mtu wa nje akisikia "adui wa Mkristo wa Zanzibar" mawazo yake hukimbilia kwenye dini. Mimi waliowahi kuniumiza hasa ni watatu: huyu jirani, dada mmoja wa kanisani, na shemeji yangu kwa habari ya kiwanja. Wawili kati yao tunapokea Ushirika pamoja. Ukichukua kosa la mtu mmoja ukalivisha dini yake, au kabila lake, au upande aliotoka, umeshawakosea watu ambao hata hawakujui. Isitoshe, jirani zetu Waislamu wanafundishwa jambo hili hili. Sura ya 41 ya Kurani, aya ya 34, inaelekeza kuuondoa ubaya kwa lililo jema zaidi, mpaka yule mwenye uadui nawe awe kama rafiki wa karibu. Nilielezwa aya hiyo na mama mmoja muuza samaki pale Darajani, nilipokuwa namlalamikia, na iliniingia kuliko ushauri wote nilioupata wiki ile.

Chukua karatasi. Andika jina lake, jina moja tu, si "watu" wala "mtaa mzima unanichukia". Kisha andika alichokufanyia, na pembeni ya kila jambo weka neno moja: *nimeona* au *nimeambiwa*. Nilipofanya hivi nilikuwa na mashtaka saba dhidi ya jirani yangu. Niliyoyaona kwa macho yangu yalikuwa mawili, karo na kanga. Matano yaliyobaki yaliletwa na watu waliokuja kunywa chai yangu. Hata lile la mikate sikuwahi kulisikia kinywani mwake, ingawa naamini lilitoka kwake.

Chini kabisa ya karatasi andika na lako. Mimi niliandika: "Nililisema dukani." Liliniuma kuliko yale saba.

Hatua ya pili: funga mdomo, na simu pia

Siku tatu zinatosha kuanza. Usimtaje kwa mtu yeyote isipokuwa Mungu na mmoja unayemwamini, tena awe ni mtu asiyekupenda kiasi cha kukukubalia kila kitu. Waefeso 4:26 inasema jua lisichwe na uchungu haujatutoka. Hapo sioni kwamba tumelazimishwa kumaliza ugomvi kabla ya magharibi. Naona tumekatazwa kuulisha usiku kucha, kwa sababu hasira ikilala inaota mizizi.

Kuhusu simu nitasema wazi. Vijembe vya stetasi ndiyo kanga ya siku hizi. Aya ya Biblia uliyoiweka ili fulani aisome ni kijembe, hata kama imetoka Zaburi. Ifute. Ujumbe wa sauti uliorekodi saa nne za usiku usiutume. Na kama yuko kwenye kundi moja la WhatsApp nawe, jibu mambo ya kundi kama kawaida, kwa sababu kumkwepa mbele ya watu arobaini ni kumtangaza.

Hatua ya tatu: muombee, lakini uangalie unaomba nini

Mathayo 5:44 inatuagiza tuwaombee wanaotuudhi. Nilitii mara moja. Niliomba: "Bwana, mfunulie ubaya wake, atubu." Niliomba hivyo kwa juma zima na kila nikimaliza nilikuwa na hasira mpya, maana kwa kweli nilikuwa napeleka mashtaka huku nimepiga magoti.

Muombee lile ambalo yeye mwenyewe angejiombea. Kama ana mtoto anayefanya mtihani, mwombee mtoto afaulu. Kama anadaiwa, omba alipe. Taja jina lake na taja shida yake, kisha nyamaza. Sala yangu ilifupika ikawa hivi: "Bwana, mamaake anaumwa miguu. Mpe usingizi usiku wa leo. Na mimi unipe nisichoweza." Haichukui hata dakika moja. Lakini ili uombe hivyo inabidi kwanza ujue mamaake anaumwa nini, na hapo ndipo sala inapoanza kukugeuza shingo umtazame mtu uliyekuwa humtazami.

Hatua ya nne: tafuta haja yake

Hapa ndipo wengi tunapokosea, hata wenye nia njema. Tunapeleka wema tunaoutaka sisi. Paulo katika Warumi 12:20 anasema: "adui yako akiwa na njaa, mlishe, akiwa na kiu, mnyweshe." Angalia masharti yake. *Akiwa* na njaa. Mwenye kiu hapelekewi mkate. Na Kutoka 23:4 imeshuka chini zaidi, mpaka kwa mnyama: ukimwona ng'ombe wa adui wako au punda wake anapotea, sharti umrudishie. Hujaambiwa umkumbatie mwenye ng'ombe. Umeambiwa ushike kamba.

Haja ya jirani yangu ilikuja yenyewe, kwenye kaskazi, jua limekaza. Pampu yake iliungua. Kwetu maji ya mfereji hutoka usiku wa manane na kwa unyonge, bila pampu hayafiki kwenye tangi. Nilijua kwa sababu ya mtoto wake wa kiume, wa miaka minane hivi, niliyemkuta saa kumi na moja alfajiri amesimama kwenye pembe ya ukuta na ndoo mbili tupu, anaangalia mlango wangu kisha anaangalia chini. Alikuwa ametumwa kwa jirani wa mbele, na jirani wa mbele alikuwa bado amelala. Kwangu alikuwa amekatazwa, ilionekana.

Sikumwita ndani. Nilivuta mpira wa maji nikaupitisha juu ya ukuta, upande wao, nikafungua. Nikamwambia, "Mwanangu, mwambie mama alete na mapipa." Nikarudi jikoni kuwasha mkaa. Nilisikia ndoo, kisha pipa, kisha sauti yake yeye mwenyewe ikimhimiza mtoto asimwage. Hakusema kitu upande wangu. Tulifanya hivyo usiku kumi na moja, mpaka fundi alipokuja.

Sasa niseme juu ya makaa. Ule mstari wa Warumi unaishia kwamba ukifanya hivyo "utampalia makaa ya moto kichwani pake", na nimesikia watu wakiufurahia kwa ubaya: mtendee wema aungue. Mimi ni mpishi wa mikate ya kumimina, na neno *kupalia* nalijua kwa vidole. Mchele umeloweshwa, umesagwa na tui, umetiwa hiliki na hamira, umeumuka, umemiminwa kwenye sufuria. Ukiuacha kwa moto wa chini peke yake, chini unaungua na juu unabaki uji. Ndiyo maana unaufunika na unapalia makaa juu ya kifuniko. Makaa yale hayaunguzi mkate, yanauivisha upande ambao moto wa chini haufiki. Wataalamu wa Maandiko wana maelezo yao, siwapingi. Ila mstari unaofuata unasema tuushinde ubaya kwa wema, na sioni jinsi mtu anavyoweza kulisha kwa nia ya kuunguza halafu akauita huo wema. Kama unapeleka sahani ili adhalilike, ibakishe kwako, ule wewe.

Hatua ya tano: namna ya kupeleka

Wema ukipelekwa vibaya unakuwa tusi. Haya nimejifunza kwa kukosea, na mengine nilifunzwa na mama yangu aliyekaa Wete miaka mingi akiwa Mkristo peke yake kwenye mtaa wake.

Peleka kidogo. Sahani moja iliyofunikwa kawa ni ujirani. Sufuria zima la pilau kwa mtu msiyesemezana ni maonyesho, na pia unamtwisha deni, kwa sababu kwetu sahani hairudi tupu na yeye atahangaika airudishe na nini.

Mpeleke mtoto, au peleka saa ambayo yeye ana shughuli. Ukienda mwenyewe na kusimama mlangoni unamlazimisha atabasamu, na tabasamu la kulazimishwa atalilipizia siku nyingine.

Kwa jirani Mwislamu, hakikisha hana sababu ya kusita. Nyama iwe ya mnyama aliyechinjwa kwa njia yao, na kama humjui vizuri, acha nyama kabisa: peleka tende, matunda, sukari, mkate wa mchele na nazi. Chombo kiwe hakijawahi kutiwa asichokula. Mwezi wa Ramadhani peleka kabla ya magharibi, na wewe mchana usipike mandazi dirishani upande wake kana kwamba huoni. Kwa Mkristo mwenzako angalia Kwaresima vilevile, wapo wanaofunga kwa dhati.

Msiba ni mlango ambao haufungwi hata na uadui wa miaka. Nenda kuhani. Vaa heshima, kanga kichwani, toa ubani wako, pesa ya rambirambi, kimya bila kutaja kiasi, kisha usikae mbele kwenye mkeka wa wafiwa kusubiri kuonekana. Nenda uani, kwenye vyombo. Mamaake jirani yangu alifariki miezi mitatu baada ya ile pampu. Nilikaa uani nikichagua mchele na wanawake wa mtaa, wengine wao ndio walionisema mikate yangu. Hakuna aliyenifukuza. Mmoja alinisogezea ungo.

Na ukishatenda, usisimulie. Mimi hapa nasimulia kwa kufundishia, tena mtaa siutaji, na bado nilifikiri sana kabla ya kuandika.

Hatua ya sita: sema kweli, na usimwachie fimbo mkononi

Sehemu hii nataka isomwe taratibu, hasa na dada zangu.

Kanisa letu la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa. Tunavyoelezwa, altare iko mahali walipofungwa watu wakapigwa mijeledi, na sakafuni pana duara la marumaru la kumbukumbu. Nikipiga magoti pale huwa nawaza mpangilio wa mambo. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko Juni 1873, kwa shinikizo la Waingereza. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka ule ule, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi. Kwanza soko lilifungwa, ndipo meza ya Bwana ikatandikwa. Hakuna aliyesema tuwapende wenye soko kwa kuwaachia waendelee kuuza.

Basi kumpenda adui hakufuti sheria. Anayekupiga, anayemgusa mtoto, anayetishia uhai, hapelekewi sahani: ondoka hapo kwanza, nenda kwa ndugu, nenda polisi, mwambie padre au mchungaji akiwa mtu wa kusikia. Kuombewa ataombewa ukiwa salama. Bwana wetu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza: "wanipigia nini?" Yohana 18:23. Paulo naye, alipoona haki inapindishwa, alikata rufani kwa Kaisari. Na tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipouawa kwa risasi asubuhi ya Jumapili kule Mtoni, tuliomba kwa ajili ya waliomuua, na hapohapo tulitaka sheria iwatafute. Miezi michache kabla, Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alikuwa amemwagiwa tindikali. Maumivu yale hayakuchagua msikiti wala kanisa. Katika siku zile majirani Waislamu walikaa nasi barazani, na hilo nalo liandikwe.

Kwa magomvi ya kawaida, njia ni Mathayo 18:15: nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Chagua saa ambayo hapiki na hana wageni. Anza na kosa lako, lile uliloliandika chini ya karatasi. Kisha taja jambo moja, lile uliloliona, na useme unataka nini kifanyike. Mimi nilimwambia hivi: "Jirani, nilikukosea nilipolisema karo lako dukani, naomba radhi. Maji bado yanakuja upenuni. Tufanyeje?" Mikate sikuitaja, kwa kuwa sikuwa nimemsikia. Alinitazama, akasema "Haya", akaendelea kukuna nazi. Nilirudi kwangu miguu inatetemeka. Baada ya mwezi mmoja gari la majitaka lilikuja kwake. Hakuniambia, nililisikia harufu.

Ikishindikana mkiwa wawili, chukua mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Bado ikishindikana, sheha, kiongozi wa serikali mtaani, yupo kwa kazi hiyo. Kwenda kwa sheha si kukosa imani, mradi usiende ukiwa umeshawajaza watu barazani.

Na ujilinde bila kupigana. Uvumi wa mikate sikuujibu kwa mdomo. Nilihamishia jiko barazani, nikawa nakoroga mbele za watu na dumu la maji limewekwa wazi. Wateja walirudi mmoja mmoja. Sasa nauza kumi na saba, siku nyingine kumi na nane.

Asiporudisha

Weka moyoni tangu mwanzo kwamba huenda asibadilike. Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu", na maneno hayo mawili yamenipa usingizi mara nyingi. Upande wako ndio uliopewa. Dada yule wa kanisani nimemsalimia miaka miwili na huitikia kwa kidevu. Namwombea, nampisha kwenye benchi, siku alipolazwa nilipeleka uji, na mambo yako palepale. Shemeji amehama, sina namna naye isipokuwa sala.

Ukichoka, pumzika. Ruka wiki, usipeleke kitu, usiongeze ubaya. Ukijikuta umemsema, rudi kwenye zile siku tatu za kufunga mdomo. Nimezianza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ramadhani iliyopita nilipeleka mkate mmoja kwa jirani, kwenye sahani yangu ya maua ya buluu, nimeufunika kawa. Aliupokea mtoto. Jioni ya Idi nilimwona uwanjani amevaa kanga nyingine, nikajilazimisha nisisome jina. Akasema, "Hujambo, mama wa mikate." Nikamjibu sijambo, nikamtakia Idi njema. Sahani ya maua bado iko kwake, na sijamtuma mtu kuiulizia.